Ya Kuuza au ya Kukaa Nayo?

Shangazi alishuka garini pale Magomeni, akanyoosha baibui, akajitazama begani na kusimama.

Nyuma ya ushungi wake na mabegani kulikuwa na vumbi la rangi ya manjano iliyoungua. Alipojaribu kulipangusa kwa kiganja halikuruka. Lilijipaka, likaacha mstari mrefu juu ya kitambaa cheusi. Tulikuwa tumechelewa khitma, na ndani ya nyumba walishaanza kusoma.

"Mwanangu," akasema bila hasira, "hili gari lako linapukutika."

Akaingia ndani na vumbi lake. Mimi nikarudi garini, nikainua macho kutazama dari.

Pini

Kitambaa cha dari kilianza kushuka nyuma, juu ya kioo, pale jua la mchana linapopiga. Kwanza ilikuwa puto dogo. Baadaye likawa tumbo. Nikipiga breki linakwenda mbele, nikiondoka linarudi nyuma, na kwenye kioo cha kutazamia nyuma nilikuwa naona nusu barabara na nusu kitambaa. Abiria wa kiti cha nyuma walijifunza kuinamisha shingo bila kuambiwa.

Nilikuwa nimekichoma pini, zile za ubao wa matangazo zenye vichwa vya rangi. Rafiki yangu mmoja alizipanga kwenye gari lake kwa mistari ya almasi, ukiingia unadhani limetoka hivyo kiwandani. Mwingine alinyonya gundi kwa bomba la sindano, akaichoma kitambaani sehemu sehemu, na dari lake likatoka madoa meusi. Na kuna teksi niliwahi kuipanda ambayo mwenyewe alikata kitambaa chote kwa wembe, akabaki na ubao mtupu. Nilipomwuliza alisema joto limepungua.

Pini zinashika kwa muda. Halafu tundu linapanuka, pini inalegea, na siku moja inamwangukia mtu kwenye shingo ya shati.

Bei mbili

Fundi wa kwanza niliyempelekea alikuwa kijana mchangamfu, ana kibanda pembeni ya gereji Ilala. Alitazama juu sekunde chache tu. Saa moja, akasema, tunapiga gundi humo humo ndani, hatutoi kitu. Bei yake ilinifurahisha.

Nilipokuwa nasita, mzee aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akishona kava la kiti aliinuka. Nikamwamkia, akaitika. Akaomba ruhusa, akaingiza kidole kwenye upenyo wa kitambaa, akasugua kidogo, akakitoa. Kidole kilikuwa na unga ule ule wa begani kwa shangazi.

"Dada, kitambaa chako kizima," akasema. "Kilichokufa ni hiki."

Halafu akauliza swali ambalo limenikalia kichwani kwa wiki kadhaa sasa, ndiyo maana naandika.

"Unataka kazi ya kuuza au ya kukaa nayo?"

Aliuliza kama muuza chai anavyouliza sukari kiasi gani. Hakukuwa na kejeli. Ya kuuza, akaeleza, ni ile ya kijana: gundi juu ya unga, kitambaa kinavutwa kinatulia, unaondoka adhuhuri, na linapendeza. Ya kukaa nayo, ubao wote unatoka nje, unasuguliwa, unavishwa kitambaa kipya, gari linalala. Bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya ile nyingine.

"Zote mnazifanya hapa?" nikauliza.

"Zote. Watu wengi wanachukua ya kwanza."

Nikamwambia anipe nafasi nifikirie. Kijana akacheka. Nadhani alijua maana ya maneno hayo kwa mteja.

Kilichomo katikati

Nilikuwa nadhani dari la gari ni kitambaa kilichobandikwa kwenye bati. Kumbe ni tabaka tatu. Juu kabisa, chini ya bati, kuna ubao mwepesi uliofinyangwa kwa umbo la paa, wa nyuzi zilizoshindiliwa au karatasi ngumu, kutegemea gari. Chini kabisa, upande wetu, ndiyo kitambaa. Katikati yao kuna sponji nyembamba, milimita chache tu, inayofanya dari liwe laini ukiligusa na kuficha mikunjo ya ubao. Kitambaa hakijashikana na ubao hata mahali pamoja. Kimeshika sponji, na sponji ndiyo iliyoshika ubao.

Sponji hiyo ni poliuretani, jamii ya plastiki iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake. Ni kitu cha ajabu kwa wepesi na bei yake, lakini ina maadui wawili: joto na unyevu. Mvuke wa maji unaingia polepole na kukata minyororo inayoishikilia, joto linaharakisha kazi hiyo, na kinachobaki ni unga unaonata. Gari lililofungwa na kuachwa juani siku ya nyuzi 22 tu hufika nyuzi 47 ndani ya saa moja. Dar es Salaam ya Februari inaanzia nyuzi 32, na hewa yake unaweza kuikamua.

Mtu yeyote aliyewahi kununua viatu vya mtumba anaijua habari hii hata kama hajawahi kuisoma. Unachagua kiatu kizuri, ngozi inang'aa, soli nene. Unakitunza kabatini kisubiri harusi. Siku ya harusi unatembea hatua chache kutoka kwenye gari, unatazama nyuma, soli imebaki vipande vipande barabarani. Hukudanganywa na ngozi, ngozi ni nzima. Soli ile ni ndugu wa sponji ya dari langu, na ilikuwa inakufa hata ukiwa hujakivaa.

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu upya umri wa gari. Sisi huhesabu kwa herufi ya namba ya usajili. Hili ni namba D, lile namba E, mwenye namba E anatembea kifua mbele. Langu ni namba B, lakini lilitoka kiwandani Japani mwaka 2001. Namba inaonyesha lini serikali yetu ilikutana na gari. Sponji haikusubiri serikali. Kenya hawapokei gari la mtumba lililozidi miaka 8, na kwetu likifika miaka hiyo ushuru wa uchakavu unaanza. Kwa hiyo gari tunaloliita jipya, lile la kutumiwa picha kwenye familia na kuombewa dua, mara nyingi linashuka bandarini sponji yake ikiwa imeshakula nusu ya maisha yake.

Na gundi ya kijana? Ingeshika. Ingeshika unga kwa kitambaa. Unga nao haujashika kitu chochote.

Kazi tunazoagiza

Kama ingekuwa habari ya kemia tu ningelipa bei kubwa nikamaliza. Kilichonisumbua ni lile swali lenyewe, na upole wa yule mzee alipoliuliza.

Tuna mazoea ya kuwasema mafundi. Kila mwenye gari ana hadithi ya fundi aliyemtia hasara, na hadithi hizo zinasimuliwa kwenye misiba na harusi kwa ufundi mkubwa kuliko wa mafundi wenyewe. Sisemi ni za uongo. Lakini pale Ilala nilimwona fundi akiweka kazi mbili mezani, akazitaja kwa majina yake halisi, akataja na bei. Aliyekuwa anataka kuchagua ile mbovu na kuiita nzuri ni mteja.

Tazama tunavyopatana. Hatukubali bei ya kazi ya kukaa nayo, na hatukubali kuambiwa kuwa tumechagua ya kuuza. Tunabembeleza, tunataja fundi mwingine wa Tandika, tunahesabu noti mbele yake, mpaka bei ya pili inashuka inakutana na ya kwanza. Fundi ana kodi ya kibanda na watoto wa shule. Anaipokea. Anajua gundi ngapi inatosha pesa hiyo. Mvua za masika zikipita kitambaa kimerudi kichwani, nasi tuna hadithi mpya ya kusimulia msibani.

Tena kuna mtu wa tatu ambaye hayupo wakati wa mapatano. Kazi ya kuuza ina mnunuzi. Yule mzee alipoitaja aliweka wazi kuwa kuna mtu mahali fulani, hajulikani bado, atakayeingia garini, atainua macho, ataona dari limenyooka, na ataongeza bei kwa sababu yake. Kilomita zimerudishwa nyuma, matairi yamepakwa mafuta yang'ae, injini imeoshwa isionekane inavuja. Dari nalo linaingia kwenye orodha hiyo. Na fundi hashiriki kwa kujificha. Anauliza tu wewe uko upande gani.

Nilijaribu kujitetea kuwa mimi siuzi. Lakini pia sikuwa nimeamua kukaa nalo. Kila mtu alinishauri niliachie, nichukue lingine, na mimi nilikuwa naitikia bila kukataa wala kukubali. Gari la 2001 halimpi mtu sababu ya kuapa. Ndiyo maana swali la fundi liliniudhi kidogo. Lilitaka jibu ambalo nilikuwa nalikwepa kwa watu wote wengine, na lilitaka nilitoe mbele ya kijana anayecheka.

Kidole changu

Nilikwenda kuangalia magari. Yadi ya kwanza, ya pili, hakuna kilichonigusa. Kwenye moja, muuzaji akanionyesha gari dogo jeupe, la mwaka wa karibuni kuliko langu, safi, linanukia ule uvumba wa gari jipya unaouzwa kwenye chupa. Nikaketi nyuma. Sijawahi kuketi nyuma ninapokagua gari, sijui kwa nini siku hiyo nilifanya hivyo.

Dari lilikuwa zuri. Limenyooka, rangi ya maziwa, hakuna doa.

Nikalibonyeza kwa kidole karibu na taa ya ndani.

Halikurudi. Dari lisilo na ubovu ukilibonyeza sponji inainuka tena. Hili lilibaki na shimo, na chini ya kitambaa nilihisi punje zinasagana, mchanga mchanga. Nikabonyeza penye kona. Vile vile. Kwenye ukingo wa mpira wa mlango gundi ilikuwa imemwagika, imekauka, ina rangi ya kahawa.

"Ndani imefanyiwa kazi yote," muuzaji akasema kwa fahari. "Unaona dari hilo?"

Niliona. Mtu alikuwa ameulizwa lile swali, akalijibu, na mtu wa tatu nilikuwa mimi.

Nikashukuru, nikaondoka, nikapiga simu Ilala.

Kulitoa

Mzee alinitaka asubuhi, na alinitaka nibaki. Kama ni ya kukaa nayo, alisema, uione.

Kwanza alifungua betri, tukasubiri. Magari mengi yana eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga, zilizokunjwa kwenye kingo za paa, juu ya milango, na kuzivuruga ukiwa na umeme ni kujitafutia balaa. Hapo hapo nikakumbuka wanaochoma pini ovyo kwenye kingo hizo. Kisha vikatoka vibao vya kuzuia jua, vishikio vya mkono, taa ya ndani, plastiki za nguzo, mipira ya milango. Klipu za plastiki za miaka ile ni kama biskuti, kadhaa zilivunjika mkononi mwake hata kwa uangalifu wote, na mwanafunzi wake akatumwa Shaurimoyo kutafuta nyingine.

Viti vya mbele vikalazwa. Ubao ukateremshwa kwa mikono minne, ukageuzwa pembe, ukatolewa kwa mlango wa nyuma bila kupindwa. Ukiupinda unavunjika katikati, na mstari wa kuvunjika utauona daima chini ya kitambaa kipya. Kijana wa bei nafuu ndiye aliyeshika upande wa pili. Alishika vizuri.

Nikaingiza mkono kugusa bati kwa ndani. Haikuwa hata saa nne. Niliutoa upesi.

Kitambaa cha zamani kilivuliwa kwa mkono mmoja, hakikung'ang'ania popote. Baada yake ndipo kazi ilipoanza. Sponji iliyooza hubaki juu ya ubao, na isipotoka yote gundi mpya itashika hiyo badala ya ubao. Walisugua kwa brashi ya nywele ngumu, si ya waya, maana waya unachana ubao. Maji hayagusi, ubao unalainika. Mwanafunzi alijifunga kitambaa puani na baada ya muda nyusi zake zilikuwa za manjano. Nyuzi za ubao zilituwasha mikono sote. Nilisaidia kidogo, nikapumzika, nikasaidia tena, na kila nilipodhani pamekwisha mzee alipitisha kiganja na kunionyesha.

Kupuliza gundi kulichukua muda mfupi. Kusugua kulikula asubuhi.

Kwenye kona ya nyuma, chini ya antena, ubao ulikuwa na doa la duara, kahawia pembezoni. Mzee akaacha kila kitu. Maji, akasema. Mpira wa antena umepasuka, mvua inaingia. Nikamwambia aendelee tu, hiyo nitaishughulikia baadaye. Akaweka chini brashi.

"Basi tufanye ya kuuza," akasema.

Mpira ukatafutwa. Ukapatikana mchana. Akamwaga maji kwa ndoo juu ya paa, akaingiza kichwa ndani, akakaa kimya muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nadhani kwa ajili yangu.

Kitambaa kipya kilikuja na sponji yake tayari mgongoni. Alikitandaza juu ya ubao, akakunja nusu, akapuliza gundi pande zote mbili, kwenye ubao na kwenye sponji, na kusubiri. Gundi ya kawaida ya kopo hakuitaka, inalainika kwenye joto ambalo dari letu hulifikia mchana wa kawaida kabisa. Alijaribu kwa mgongo wa kidole; ikiwa bado inavuta nyuzi, haijawa tayari. Kisha kiganja kikatoka katikati kwenda nje, taratibu, bila kukandamiza. Penye mabonde, kule vibao vya jua vinapokaa na kuzunguka taa, aliingiza kitambaa kwa ncha za vidole mpaka kikakaa chini kabisa. Huko ndiko kunakobanduka kwanza, kwa sababu fundi mwenye haraka huvuta kitambaa kikapita juu ya bonde, na bonde linabaki na hewa. Nusu ya pili ikafuata. Kingo zikakunjwa nyuma ya ubao. Matundu ya taa na skrubu yakakatwa kwa wembe, alama ya msalaba, pembe zikaingizwa ndani.

Gari lililala pale. Kesho yake lilirudishiwa kila kitu, na klipu za Shaurimoyo zinaonekana ni nyeusi kidogo kuliko zile za asili. Nimeziacha.

Bei ya soko

Wiki iliyopita jamaa mmoja wa mtaani aliuliza kama bado nafikiria kuuza. Nikamwambia aje alione, sikusema ndiyo. Nilimfungulia mlango wa nyuma, nikamwambia abonyeze dari. Akabonyeza, akanitazama asielewe. Nikamweleza habari ya sponji, doa la maji, brashi. Nikamwonyesha picha za ubao mtupu kwenye simu.

Alinisikiliza kwa adabu. Akaomba nifungue boneti.

Bei aliyotaja ilikuwa ile ile ambayo mwingine alitaja wakati dari limejaa pini. Nilimkumbusha hilo kwa utani. "Dari si injini, dada," akasema, na kwa soko letu yuko sahihi kabisa. Kwenye hesabu yake asubuhi nzima ya kusugua haikuwa na hata shilingi moja. Kazi ya kijana wa Ilala ingempa picha ile ile ya macho, kwa theluthi ya pesa zangu, na asingejua tofauti mpaka masika.

Hatukuelewana bei. Alipokuwa anaondoka akasema gari la mkewe limeanza kushusha kitambaa nyuma, juu ya kioo, akaomba namba ya fundi. Nimempa. Nikamwambia alipeleke mapema asubuhi, maana jua likipanda gundi inakauka kabla kitambaa hakijaguswa, na kabla hajataja bei yoyote amwonyeshe kwanza mpira wa antena.